Walionifungulia Dirisha

Doktari alisema siku mbili. Hakusema mwezi, hakusema wiki. Siku mbili za kukaa gizani, halafu nirudi kwenye maisha yangu. Na mimi, mke wa mtu, mama wa mtoto, mwenye nyumba ya vyumba viwili pale mtaa wa Satellite, Nairobi, ambayo kuta zake nilizipaka rangi kwa mikono yangu, sikuweza kupata siku mbili za giza ndani ya nyumba hiyo.

Naandika nikiwa bado na hasira. Nimeshauriwa ningoje ipoe ndipo niandike. Ikipoa nitaandika uongo.

Mimi ni zeruzeru. Najua siku hizi tunaambiwa tuseme mtu mwenye ualbino, na kwenye fomu naandika hivyo, lakini nimeitwa zeruzeru tangu chekechea na neno lenyewe halijawahi kunichubua. Jua ndilo limenichubua. Nimekua na kofia, mikono mirefu na losheni ya jua asubuhi, mchana na saa kumi. Nauza viatu vya watoto kwenye kibanda cha ekzibishoni mjini, yale majengo ya vibanda vilivyobanana, ndani kabisa, ambako huwezi kujua kama nje kumekucha au kunanyesha. Wenzangu walichagua kazi kwa mshahara. Mimi nilichagua paa.

Kaka yangu hakupata nafasi ya kuchagua. Alizaliwa kama mimi, nyumba moja, kule upande wa Kakamega, na alipokuja Nairobi alipata vibarua vya mjengo. Alibeba mawe juani miaka sita. Kigamba kidogo kikaota juu ya sikio lake la kulia, kikavu, kama ganda la mkate. Akakibandua, kikarudi. Akapaka kila mafuta aliyoambiwa na kila mtu. Mwaka wa tatu kikawa kidonda kinachonuka, na tulipomfikisha hospitali walituuliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Tulimzika na bandeji sikioni.

Kwa hiyo nilipogusa kigamba cha namna ileile kwenye panja langu la kushoto, upana wa kidole kutoka kwenye jicho, sikuuliza mtu mafuta gani yanafaa. Niliomba ruhusa kazini na kumtafuta daktari wa ngozi.

Kliniki yenyewe iko mjini, ghorofa ya sita. Doktari ni mwanamke wa umri wangu, anaongea haraka na hapambi maneno. Alinitazama na kioo chake cha kukuzia, akahesabu vigamba vinne kwenye paji la uso na kile cha panja, akasema hii bado si saratani lakini iko njiani na haijapumzika. Kukikata cha panja kungeweza kulivuta jicho langu likabaki wazi upande mmoja. Kulikuwa na njia nyingine: ninapakwa dawa, nasubiri, halafu namulikwa taa.

Dawa inaitwa asidi ya aminolevuliniki. Niliposikia asidi nilitaka kuchukua mkoba wangu niondoke, maana Nairobi mwanamke akisikia asidi na uso katika sentensi moja anajua habari imekwisha. Akaniambia nikae. Akasema hiyo si ya betri. Mwili wangu mwenyewe huitengeneza kila siku, ni hatua mojawapo ya kutengeneza wekundu wa damu, na yeye anaongeza tu mahali anapotaka. Seli zilizoharibika huila kwa pupa kuliko zilizo nzima, na zikishaila huigeuza kuwa kitu kisichovumilia mwanga. Ukizimulika, zinajiunguza zenyewe kutoka ndani. Zile nzima za jirani hupata moto kidogo, zinanung'unika, zinapona.

"Kwa hivyo ni sumu," nikamwambia.

"Ni sumu ikikutana na mwanga. Bila mwanga ni mafuta tu. Mwanga wa hapa kliniki nitaupima mimi. Ukitoka huo mlango, mwanga ni kazi yako."

Sentensi hiyo naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu ndiyo iliyonishinda.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa pili, na jua la Nairobi la mwezi wa pili halina huruma hata kwa weusi. Nesi alinikwangua vigamba kwa kijiwembe, akanipaka dawa, akafunika na karatasi ya foili ile ya kufungia nyama, kisha bandeji juu. Nikaambiwa nisubiri kwa muda wa saa tatu. Niliketi kwenye benchi nikionekana kama kitu kinachongojea kuingizwa jikoni. Kando yangu kulikuwa na dada mmoja wa ofisini, kucha ndefu, aliyekuja kutibiwa chunusi. Aliniangalia, akaangalia bandeji, akashindwa kujizuia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hii ndiyo ile ya kung'arisha.

"Dada," nikamwambia, "mimi nilimaliza kung'aa kabla sijazaliwa."

Alicheka mpaka nesi akatoka kutuangalia. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho wiki hiyo.

Taa ni nyekundu na haina joto, ukiweka mkono huhisi kitu. Lakini pale dawa ilipoingia ni kama mtu amechukua pilipili akaisugua chini ya ngozi, siyo juu. Nimezaa mtoto kwa njia ya kawaida. Uchungu wa kuzaa unakupa nafasi ya kuvuta pumzi, huu haukupi. Nesi alisimama na feni ya mkononi na chupa ya maji baridi, ananipuliza na kuninyunyizia, ananihesabia dakika. Zilipoisha nilikuwa nimeng'ata kitambaa changu cha kichwa kikawa na tundu.

Halafu maagizo. Doktari aliyarudia mara mbili kwa sababu anajua watu kama mimi tumelelewa na losheni. Alisema losheni ya jua hainisaidii kitu kwa siku hizi mbili. Losheni inazuia mionzi ile isiyoonekana, inayochoma ngozi. Dawa hii inaamshwa na mwanga wa kawaida, ule unaosomea gazeti, na losheni inaupisha wote. Mawingu hayasaidii. Kivuli cha mti hakisaidii. Nikae mbali na dirisha na taa kali, nivae kofia na kitambaa hata ndani, kwa saa arobaini na nane. Uso utakuwa mwekundu na kuvimba kidogo, utatoa magamba wiki nzima, hiyo ni kawaida. Cha kuogopa ni mwanga.

Nilirudi nyumbani jioni nimejifunika kama mwizi wa kuku. Mume wangu alikuwa ameshafanya alichoombwa: amepigilia blanketi kwenye dirisha la chumba cha kulala na kuziba pembeni kwa maboksi. Yeye hupakia nyama machinjioni Dagoretti, huondoka alfajiri na kurudi alasiri, kwa hiyo aliyebaki nami mchana alikuwa mama yake, aliyekuja kutoka Ukambani kunishikia mtoto wetu wa miaka mitatu.

Lazima niseme ukweli kuhusu mama mkwe wangu, maana hasira yangu ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Mwanawe aliponipeleka nyumbani mara ya kwanza, shangazi zake waliuliza kama wasichana wa kawaida wamekwisha. Yeye aliinuka, akanishika mkono, akanikalisha karibu na moto, akaniita mwana wakwa, yaani mwanangu. Hajawahi kuniita kitu kingine tangu siku hiyo. Kila akija hukagua kama chupa yangu ya losheni imejaa.

Usiku huo nilimwambia: Mama, asiingie mtu chumbani mpaka Jumamosi jioni. Mtu yeyote. Akasema sawa. Nikamweleza habari ya mwanga. Akasema ameelewa. Akaniuliza tu kama nimepaka losheni, nami nikamweleza tena, naye akasema sawa tena.

Ninachojua sasa ni kwamba aliposema hataingia mtu, alikuwa anafikiria wapita njia na wauza masufuria. Hakuwa anafikiria kanisa. Kwetu, mgonjwa anayefungiwa mlango ni mgonjwa anayefichwa, na anayefichwa ana jambo. Ijumaa ndiyo siku ambayo akina mama wa ushirika hutembelea wagonjwa. Asubuhi hiyo mmoja wao alimpigia simu mama mkwe kumuuliza kwa nini sikuonekana kwenye maombi ya Jumatano, na mama mkwe, ambaye hajui kudanganya, akamwambia binti amefanyiwa kitu cha uso mjini na amejifungia gizani hataki kuona mtu.

Fikiria sentensi hiyo ikisafiri kwenye simu za wanawake saba.

Walifika saa nne asubuhi na mkate, maziwa, ndizi na nyimbo. Mimi nilikuwa nimemeza dawa za maumivu na nilikuwa nimelala fofofo, kitambaa kimeteleza kichwani. Mama mkwe aliwafungulia mlango, kwa sababu mgeni hafukuzwi, na mgeni aliyebeba mkate na Biblia ndiyo kabisa. Akaenda jikoni kubandika chai. Wao wakaingia chumbani kwangu.

Mwenyekiti wao ni mama mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na nilipojifungua yeye ndiye aliyenibebea maji ghorofani siku kumi na nne. Nataka hilo nalo liandikwe. Alisimama katikati ya chumba, nikasikia sauti yake ndani ya usingizi wangu ikiuliza hii giza yote ni ya nini, nyumba iko kama kaburi, huwezi kumwombea mtu ndani ya giza. Misumari ikang'oka. Blanketi likaanguka. Dirisha letu linaangalia mashariki, na ploti ya jirani bado haijajengwa, ina mahindi tu. Hakukuwa na kitu kati yangu na jua.

Niliamka nikidhani nimerudishwa chini ya taa ya kliniki. Ila hii haikuwa na nesi wala feni. Nilipiga kelele nikajifunika kwa mikono. Nilisema funga pazia. Nilisema mwanga unaniunguza. Nilisema toeni huo mwanga.

Sasa jiulize: akina mama saba wa maombi wanaingia chumba chenye giza, wanaleta nuru, na mgonjwa anaanza kupiga mayowe kwamba nuru inamchoma. Wao waliona nini?

"Mnasikia anavyoogopa nuru?" mwenyekiti akawaambia wenzake. "Huyo si yeye anayeongea. Mshikeni."

Wakanishika. Wawili mkono huu, wawili mkono ule, mmoja miguuni, kwa upole, wakinibembeleza kabisa, ndiyo sehemu inayonikasirisha kuliko zote. Wakinifuta machozi na kuniondolea mikono usoni ili nuru inifikie vizuri. Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuomba. Nilipojaribu kueleza habari ya dawa, neno asidi likawafanya wapandishe sauti. Mwishowe nilinyamaza, si kwa sababu ya kitu kingine bali nilikuwa nimechoka, na kunyamaza kwangu wakakuchukulia kama ushindi. Waliimba wimbo mzima wa shukrani wakiwa wamenishika. Kisha wakaniacha, na mimi nikatambaa mpaka chini ya kitanda. Kwa kweli chini ya kitanda, mwanamke mzima. Mmoja akasema waniache nipumzike, nimepigana vita kubwa. Wakaenda sebuleni wakanywa chai.

Ilipofika jioni jicho la kushoto lilikuwa limefungwa. Paji la uso lilikuwa na malengelenge kama uji unaochemka, na maji ya njano yalikuwa yakinitiririka mpaka shingoni. Mtoto wangu alisimama mlangoni akakataa kuingia. Nilimpigia doktari. Akaniambia nifanye nini: kitambaa cha maji baridi, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo mume wangu aliifuata duka la dawa, na giza, giza, giza. Kisha akauliza ni nani aliyefungua.

"Kanisa," nikamwambia.

"Sasa hiyo nitaiandika wapi kwenye faili," akasema.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Kule kuungua ningeweza kuelewa, walikosea. Lakini hata kabla uvimbe haujashuka, mama mkwe aliketi sebuleni akamwambia mwanawe kwamba dawa ile ni sumu, ameiona kwa macho yake ilivyomla mtoto wa watu. Mume wangu akaniangalia uso akakubali. Jumapili ikatangazwa kanisani niombewe, nimeunguzwa na kemikali za mjini. Mtu asiyenijua, anayekaa mtaa wa Mountain View, alinipigia simu kunieleza asali inavyotoa sumu. Mwenyekiti mwenyewe alileta shubiri kwenye mkebe na kusema, bila hata kupepesa macho, kwamba tuwe waangalifu na hawa madaktari. Kila mtu aliuona uso wangu. Hakuna aliyeliona dirisha.

Nilijaribu. Niliwaeleza mmoja mmoja. Walinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu aliyetapeliwa anayemtetea tapeli wake. Na sitawabebesha kila kitu. Hata bila wao ningekuwa mwekundu, ningetoa magamba, ningelala vibaya. Dawa ina ukali wake na niliambiwa mapema. Lakini ukali wake ulipimwa kwa dakika. Huu wao haukupimwa.

Ngozi ilipona, polepole, ikamenyuka kama viazi. Baada ya miezi mitatu nilirudi kuangaliwa. Vigamba vinne vya paji la uso vilikuwa vimekwenda, ngozi mpya, laini, ya waridi. Cha panja kilikuwa kimebaki nusu. Doktari alikata kipande kidogo kama chembe ya mchele, akakipeleka kupimwa, na majibu yakaja kwamba bado si saratani. Bado. Akasema turudie mara moja, pale tu, lakini safari hii nimhakikishie hizo siku mbili. Aliposema hivyo hakuwa anatania.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu tarehe niliyopewa. Alikuwa anakula ugali na sukuma, akaacha.

"Ulikuwa umeiva kama hindi la kuchoma," akasema. "Unataka turudie hiyo?"

"Niambie ni nini kiliniivisha."

"Dawa."

"Dawa na nini?"

Akatazama mlango wa jikoni. Mama yake, ambaye bado hakuwa amerudi Ukambani, alikuwa pale, anaosha sufuria ambayo ilikuwa tayari safi. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokuwa napigana nacho. Mume wangu si mjinga. Alipigilia blanketi lile mwenyewe, na aliporudi alilikuta sakafuni na misumari yake. Alijua. Lakini hajazaliwa Mkamba wa kumwambia mama yake mzazi, aliyemsomesha kwa kuuza maharagwe, kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango. Kwa hiyo mwenye makosa akawa dawa, kwa sababu dawa haina mtoto wa kuona aibu.

"Kaka yangu hakupakwa dawa yoyote na daktari," nikamwambia. "Hakuna mtu aliyemuunguza kwa taa. Twende Kakamega ukamuulize sikio lake linaendeleaje."

Nilikwenda kulala na yeye akabaki pale na ugali wake.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilichohitaji ni chumba, na sikuwa nacho. Nyumbani kwangu kuna mlango unaofunguliwa kila mtu anapobisha. Kwa dada yangu kuna watoto watano na dirisha bila pazia. Nilikaa kazini nikiwafungia wateja viatu huku nawaza, mpaka nikakumbuka kwamba mjini kuna lojing'i, zile gesti za bei nafuu, ambazo vyumba vya katikati havina dirisha hata la ukubwa wa mkono. Watu huzikimbia kwa sababu hiyo. Mojawapo iko mitaa miwili kutoka kliniki.

Nilienda kuulizia siku moja kabla. Nyuma ya wavu wa mapokezi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, anafuma sweta. Nikamwambia nataka chumba cha ndani, kisicho na dirisha, siku mbili.

"Mko wangapi?"

"Mmoja."

"Mwenzako anafika saa ngapi?"

"Hakuna mwenzangu."

Akaacha kufuma. Akanitazama kofia, mikono mirefu, pete ya ndoa. "Unamtoroka nani, mama?"

"Akina mama wa kanisa."

Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia jina la ugonjwa anaoujua. Akanipa ufunguo, akaniambia hakuna atakayebisha.

Siku ya matibabu nilimwandikia mume wangu ujumbe nikiwa tayari kwenye benchi na foili yangu: niko wapi, nitalala wapi, mpaka lini. Alijibu neno moja, sawa. Taa ilikuwa na uchungu uleule, ila mahali palikuwa padogo, ukubwa wa sarafu. Nilitembea ile mitaa miwili giza likiingia, kitambaa mpaka kwenye pua, nikafungua chumba, nikazungusha balbu mpaka ikatoka, nikaiweka kwenye droo.

Kama hujawahi kukaa siku mbili kwenye chumba kisicho na dirisha, sikushauri. Harufu ya sabuni ya unga na godoro la zamani. Muziki wa baa chini, na kupitia ukuta, watu waliokuja kwa sababu za kawaida. Nilikula mkate na mayai ya kuchemsha. Panja lilikuwa linapiga kama moyo wa pili. Nililia, sitaficha, lakini si kwa maumivu. Nilikuwa nalia kwamba nina mume, nina nyumba, nina watu wanaonipenda kiasi cha kunishika mikono na miguu, na mahali pekee pa kuponea ni hapa.

Siku ya pili alasiri simu iliita. Mama mkwe.

"Nimeambiwa umeonekana ukiingia lojing'i."

"Ndiyo, mama."

"Uko na nani huko?"

"Niko na giza, mama. Ndilo nililolifuata. Nyumbani linafunguliwa."

Nilimsikia mtoto wangu nyuma yake akiuliza kama ni mimi. Alimwambia ngoja.

"Mimi ndiye niliwafungulia," akasema.

Nilikuwa nimengoja sentensi hiyo zaidi ya miezi mitatu, na nilipoipata sikujua pa kuiweka.

"Nilikusikia ukilia, mwana wakwa. Nilikuwa jikoni. Nikafikiri ni maombi yanafanya kazi. Nikaongeza sukari kwenye chai." Akavuta pumzi. "Sasa nikisema si dawa, itabaki kuwa ni nani?"

Msomaji atataka niseme nilimsamehe pale pale. Sikumsamehe. Nilimwambia asimwambie mtu nitarudi lini.

"Nimeshawaambia wiki ijayo," akasema.

Mwanamke yule, ambaye katika maisha yake yote sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya nyanya, alikuwa amelidanganya kanisa zima. Nilikata simu kabla hajasikia sauti yangu ikibadilika.

Cha panja kimekwenda. Doktari alipitisha kidole mara tatu, halafu kioo, akasema safi, na akanipangia kurudi kila miezi sita, maana ngozi yangu ni hii hii na jua ni lile lile. Pamebaki alama nyepesi ambayo huioni mpaka nikuonyeshe.

Mwenyekiti alipoiona akaniomba nisimame Jumapili nitoe ushuhuda. Nikamwambia nitasimama kwa furaha, na nitaeleza yote, kuanzia dawa na taa mpaka misumari ya blanketi. Akasema ushuhuda ni wa kumtukuza Mungu, si wa kuaibisha watu. Nikamwambia Mungu haaibiki kwa dirisha. Akasema ataangalia nafasi. Jumapili tatu zimepita na nafasi haijapatikana, na bado ananisalimia kwa mikono miwili.

Lakini watu wana macho. Jumapili iliyopita, ibada ilipoisha, mwanamume mmoja alinisubiri nje ukutani, kwenye kivuli. Zeruzeru, wa makamo, fundi wa viatu sokoni Dagoretti, anakaa viti vya nyuma na sijawahi kuongea naye. Alivuta mkono wa shati akanionyesha kigamba juu ya kifundo cha mkono, kikavu, kipana kuliko changu. Akauliza ile dawa yangu inaitwaje, na kama ni kweli inaunguza.

Nikamwambia inaunguza, na inaponya, na nitampeleka mwenyewe kwa doktari. Kisha nikamuuliza anaishi na nani.